Feza wa Kwenye Disiki

Basi ndiyo maana siku hizi nacheka nikiwa nimefunga mdomo, somo. Mwanya ni wako. Meno yangu mimi yamebanana kama punje za mahindi, unayajua, na wimbo unasema wazi kabisa: Feza mwenye mwanya, Feza akicheka mlango wafunguka. Sasa mimi nicheke vipi?

Ngoja nianze mbali kidogo, maana umeondoka na mengi hujayasikia. Nimeolewa. Nimeolewa na Kisimba, somo, Kisimba yule yule wa bandarini, aliyekuwa akipita kando ya ukuta wa shule yetu na gitaa mgongoni, akiita "Feza" nasi wawili tunageuka. Tangu harusi, hapo Pasaka, naamka nikicheka peke yangu. Anaimba akioga. Anarudi kazini na ndimu mfukoni kwa sababu nilisema mara moja tu kwamba napenda harufu yake. Akilala ananishika kidole kimoja, cha mwisho, kama mtu aliyeshika tiketi ya treni. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia haya, na wewe ndiye ambaye... Basi. Niendelee.

Wakati wa likizo yake alikwenda Lubumbashi kwa treni, akaingia studio, akarudi na disiki. Si ile ndogo ya nyimbo mbili. Kubwa, ya nyimbo nane, na picha yake kwenye jalada, amevaa abakosi, ile suti isiyo na tai, ya kuazima. Ni gitaa na sauti yake tu, Kiswahili chetu na Kitabwa kidogo. Disiki tunayo, pikapu, mashine ya kuipigia, hatuna, kwa hiyo tunakwenda kuisikiliza kwenye baa ya karibu na gare, pale kituo cha treni, nami nakaa karibu na spika kuliko wateja wote.

Na wameipenda kuliko tulivyotegemea. Gazeti moja la Lubumbashi liliandika kwamba kijana huyu hakuiga orkestra za Kinshasa, kwamba anaimba kama mtu anayezungumza nyumbani kwake mvua ikinyesha, na kwamba ni nadra disiki ya kwanza ya mtu kuwa imekomaa hivyo. Redioni mtangazaji alipiga wimbo mmoja mara mbili mfululizo, kisha akasema, "Citoyens, ndugu wananchi, sijui huyu Feza ni nani, lakini leo wanawake wote wa Zaire wanamwonea wivu." Hata mimi, somo. Hata mimi nilimwonea.

Maana wimbo ni wako. Mji hauelewi. Mji unajua Kisimba ana bibi na bibi anaitwa Feza, imekwisha. Sokoni wananiita, "Mama Kisimba, njo weye ule wa mu disiki?" Naitikia kwa kichwa. Juzi mama mmoja muuza mikebuka akanisogelea. "Cheka kidogo tuone." Nikacheka kidogo. "Eh! Ule mwanya uliuzibia wapi, kwa munganga wa meno wa Lubumbashi?" Wenzake wakaangua kicheko, nami nikanunua samaki ambao sikuwahitaji.

Ningekuwa na jina lingine nisingepata taabu hii. Unakumbuka serikali ilipotutaka tuache majina ya ubatizo? Mwalimu alisema kila mmoja alete jina la babu au bibi yake. Wewe Régine, mimi Béatrice, tukaenda kila mtu kwao, na kesho yake tukasimama wote wawili: Feza. Mwalimu akashika kichwa. "Feza mbili darasani, fedha juu ya fedha. Sasa tumetajirika." Akatuita Feza wa Zongwe na Feza wa Gare, kwa kuwa wewe ulitoka Zongwe, kijijini kando ya ziwa, na baba yangu mimi ni mtu wa reli. Tangu hapo tukawa somo, na mama yako akanifanya mtoto. Nilipokuja kwenu likizo alinipa kitanda chako, wewe ukalala chini ukinuna. "Kaa tu, mwizi wa jina," ukaniambia gizani, kisha ukaja kunibana kitandani kwa sababu ya mbu.

Nilimwuliza Kisimba, "Na mimi je? Wimbo wangu uko wapi?" Alikuwa anafunga kamba mpya ya gitaa. Akasema bila kuinua kichwa, "Weye uko hapa. Muntu mwenye iko hapa, nimuimbie ya nini? Ninamuita tu." Nilifurahi mpaka jioni. Kisha wivu ukarudi. Wewe huunguzi mboga ya sombe. Wewe hununi asubuhi. Wewe utabaki msichana wa ukutani siku zote, na mimi nitazeeka mbele ya macho yake. Na lililo baya zaidi, mtu ambaye ningekwenda kumlalamikia haya yote ni wewe.

Jumamosi iliyopita mwandishi wa lile gazeti alifika na kamera. Alitaka picha ya Kisimba pamoja na Feza wa wimbo. Niliitaka picha hiyo, somo. Niliitaka kuliko nilivyotaka nguo ya harusi. Nilisuka nywele za uzi, nikavaa vitenge vyangu vya harusi, nikajizoeza mbele ya kioo kucheka kwa macho tu. Tukakaa mlangoni. "Citoyenne, fungua mdomo," akasema. "Wasomaji wanataka mwanya."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamia gitaa, hagusi hata kamba moja. Angeweza kusema kwamba waimbaji hutia chumvi, na mambo yangekwisha. Hakusema. Nikaona kwamba nikijibu ni mimi, atakubali kwa kunipenda, na jina lako halitatajwa tena nyumbani kwetu. Na mimi nikitaka kukulilia, nitakulilia kwa nani?

Nikafungua mdomo wote. "Mwenye mwanya ni somo yangu," nikasema. "Amezikwa Zongwe. Mimi ndiye ninayempikia huyu." Mwandishi akashusha kamera. Aliandika, akafuta, mwishowe akampiga picha Kisimba peke yake. Nami nilikuwa nimepaka mafuta mpaka kwenye visigino.

Jioni, nikikunja vitenge, Kisimba akasema, "Aksanti." Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Homa ilipokuchukua alikuwa bado hajajitambulisha kwenu. Alikuwa hajapeleka posa, hajapeleka hata neno. Siku za matanga, mimi nikiwa mkekani na mama yako, yeye alikaa mbali pamoja na watu wa bandari walioleta sanduku lako kwa mtumbwi kutoka hapa, kama mmoja wa wapagazi. Mama yako alimpa chai, hakumjua. Kisimba hakutoa hata chozi, maana wangemuuliza, "Wewe ni nani wake?" Akarudi huku Kalemie na macho makavu, akaanza kuutafuta ule wimbo. Tangu siku hiyo hajakanyaga Zongwe. Anaona haya. Hana pa kuingilia.

Mimi ninapo. Kwenu mimi ni mtoto. Nikifika na mume, mama yako hatauliza huyu ni nani. Atamtandikia mkeka, atajifunika uso kwa kitenge kama ilivyo heshima ya ukwe, atamtafutia kuku. Akilia kaburini, watasema mkwe wa nyumba hii ana moyo. Basi nitamleta. Nitamwachia njia aende kwako peke yake, akae kadiri atakavyo, nami nitabaki jikoni namsaidia mama kazi. Sitachungulia. Labda mara moja.

Ulale vizuri, somo yangu. Bado nakuonea wivu, nisikudanganye, na bado nageuka nikisikia mtu anacheka kama wewe. Mwezi huu hautaisha kabla hujatuona. Mama yako atamwita mkwe, na atakuwa mkwe kwa sababu yangu mimi. Hilo moja uniachie.

Feza wa Gare