Moto wa Mama Chini ya Darubini

Dada Felista,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na usingizi umerudi tangu msiba? Mimi mwili ni mzima. Huku milimani theluji inaanguka, na kazi yangu ni ileile ya kusafisha picha za nyota.

Telegramu ya kifo cha mama ilinifikia mkiwa mmeshazika. Nilikaa nayo bila kutoa chozi, hadi nikajiogopa. Jioni moja nikaona angalau niwashe moto wa matanga kama nyumbani Kinole. Nikakusanya kuni, nikawasha nje ya chumba changu, chini kidogo ya darubini.

Nilisahau niko wapi, dada. Wiki ile wataalamu wa hapa walikuwa wanapiga picha nyota mbili hafifu sana, zilizokaribiana mpaka zinaonekana moja. Hewa ikitikisika kidogo tu, picha inavurugika. Ndiyo maana hupiga nyingi za haraka haraka, kisha huchagua zilizotulia. Hata jiko haliruhusiwi ndani ya jengo la darubini. Nami nikawapelekea joto la moto mzima.

Bwana mkubwa wa darubini akashuka mbio. "Nani kawasha? Nyota inacheza kama imelewa!"

"Nimefiwa na mama," nikamwambia. "Kwetu moto huu hauzimwi hivihivi."

Akainama, akashika kigogo upande usiowaka. "Basi tuuhamishe."

Tukaubeba hadi ng'ambo ya kilima, upepo unakoelekea. Yeye akarudi kazini, akamtuma mpishi wetu, Yanko, akae nami. Yanko akauliza watu hufanya nini kwenye moto kama huu. Nikamweleza habari za watani, wanavyotuchokoza hata makaburini.

Akanitazama. "Kwa hiyo huyo mama ndiye aliyekufundisha kupika ule ugali wa kuzibia nyufa?"

Nikacheka, dada. Nikacheka mpaka nikalia, nikalia kweli, naye akaendelea kuchochea kuni.

Kesho yake nilizisafisha picha zao. Zimetoka. Nyota ni mbili.

Najua matanga mmeshaanua. Niombee kwa mjomba: nikija likizo, tuwashe tena usiku mmoja tu uani kwa mama, na watani waitwe.

Msalimie mjomba, na shemeji huko shamba la kijiji. Na yule binti yako mdogo mliyemkabidhi jina la mama, mwite kwa jina hilo, umwambie mimi mjomba wake nasema shikamoo.

Mdogo wako akupendaye,
Kosmas