Donat Mutale na Jumatatu Aliyoilipia kwa Bega

Mwaka mzima umezunguka, Donat, tangu walipokupiga marungu mbele ya lango la uwanja wa gofu, na sisi wa nyumbani kwako Katuba bado hatujasamehe.

Wakubwa wa uwanja walitangaza kwamba moyo wako ulisimama wenyewe. Waliokuosha ni sisi. Tuliuona mgongo wako.

Ulikuwa caddie. Tangu ujana wako ulibeba mifuko ya wachezaji, wewe mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Sakania. Maji ulikuwa unawapa wenzako kwanza, wewe unakunywa mwisho. Na kila Jumatatu, wakubwa wakiwa hawapo, nyinyi bacaddie mliruhusiwa kucheza. Siku hiyo ulikuwa unavaa shati lako la misa.

Kisha kamati ya uwanja ikawanyang'anya Jumatatu. Mkaketi langoni kuidai, mikono mitupu. Mwenyekiti wa kamati akaita askari. Tunakumbuka vizuri: askari aligeuza bunduki, akakupiga kitako chake begani. Ukaanguka. Akapiga tena palepale, na waliokuwa karibu walisikia mfupa. Tangu siku ile mkono wako wa kuume haukupanda tena kupita kifua.

Mwingine angeuza fimbo zake za gofu. Wewe ulitundika tairi kuukuu kwenye mti wa avoka ndani ya parcelle, uani kwako. Mke wako Agnès akachukua liputa, kile kitenge alichombebea mtoto wenu Tracy mgongoni, akakufunga kiwiko kwenye mbavu, kisiondoke. Ukaanza upya kama mwanafunzi. Mikono haiinuki, basi ulizungusha kiuno, uzito ukahama mguu hadi mguu, fimbo ikatoka chini fupi na kali, ikalipuka kwenye tairi. Ulikuwa unalia kwa maumivu na unapiga. Ulipiga kama mtu anayelipa kisasi, na kweli ulikuwa unalipa.

Asubuhi moja chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, akaingia, majirani nyuma yake.

"Papa Donat, mama Agnès iko wapi? Bantu banasema tangu asubuhi unamupiga tu."

Agnès akatoka jikoni, unga wa bukari, ugali wa kwetu, mikononi. "Mi niko hapa, chef. Anapiga pneu, ile tairi."

"Pneu? Ilimukosea nini?"

"Kama unaionea huruma, simama pa nafasi yake."

Avenue nzima ikacheka. Wewe ulifuta jasho, ukasema polepole, "Bega inakatala, chef. Basi naenda kuomba nguvu kwa kiuno." Ukageuka, ukapiga. Avoka zikamwagika chini, na chef akarudi nyuma akitafuta mlango.

Na Jumatatu yenu hukuacha kuidai. Siku ya mashindano yao ulimkabili mwenyekiti mbele ya wageni wake wote. "Patron, rudisha lundi yetu."

Akacheka, glasi mkononi. "Mupira mumoja. Caddie mumoja aipige ivuke maji mbele ya shimo ya mwisho, lundi inarudia yenu. Na mi njo nitamuchagula." Akawapita wenye afya, mmoja mmoja. Kidole chake kikasimama kwako.

"Ametuua," Ngosa, mwenzako, alinong'ona.

"Ngoya kwanza," ulimjibu. "Sijafa."

Kiuno kikazunguka na hasira ya miaka yote ile. Kitu kikachanika ndani ya bega. Ulipiga goti, umejiuma ulimi mpaka damu, na mpira hukuuona ukivuka. Ulijua tu kwa kelele za bacaddie ng'ambo ya maji. Mwenyekiti akaweka glasi chini, akaondoka bila kukupa mkono.

Jumatatu ikarudi, mbele ya mashahidi. Mlicheza msimu mmoja wa mvua. Kisha asubuhi moja mkakuta lango limefungwa, walinzi wapya, amri ya mwenyekiti yuleyule. Wengine walisita. Wewe ulisogea na mfuko wako mgongoni.

"Hii mulango nilishailipa," ulimwambia mlinzi. "Nililipa na mufupa yangu."

Rungu la kwanza lilitua kwenye bega lilelile. Walijua pa kupiga. Mengine yakafuata kichwani na mgongoni, wewe ukiwa chini, mkono wa kushoto umekamata vyuma vya lango. Wakavipiga hata vidole ili uachie. Hospitalini hukufika kuona jua la pili.

Sasa sikia, Donat, na wao wasikie. Misa yako itasomwa Jumatatu hii alfajiri, katika parokia ya mtaa wetu. Tukitoka hapo, hakuna kukaa kunywa chai. Tunakwenda kwa miguu mpaka lango lile: bacaddie wote na fimbo zao za gofu, wake zao, wazee wao. Padri anatuomba twende kwa amani. Tutakwenda kwa amani mpaka langoni. Baada ya hapo, walinzi ndio watachagua. Mwana wako Merdi atapiga mpira wa kwanza.

Wanaokukumbuka: mke wako Agnès, watoto wako Merdi na Tracy, dada yako Madeleine, huko Pweto, mdogo wako Israël, Ngosa na bacaddie wote uliowarudishia siku yao.

Wewe hatutakusahau, Donat. Na wao hatutawasahau.