Wageni Wamekwenda kwa Wifi

Shoga, acha hivyo vyombo usome. Wale watalii wanaotembelea mashamba wamenipita mlangoni kama hawanioni, wakaingia kwa wifi yangu.

Kwa wifi. Zizi lake linanuka mpaka barabarani.

Na mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima alishasema, watakapopapenda ndipo wageni wote wa msimu watapelekwa.

Mimi nimemwogesha ng'ombe kwa sabuni. Samadi yote nimeificha nyuma ya nyumba. Nimekaa barazani na gauni jipya.

Yeye kawapa majembe, wanageuza samadi huku wanacheka, "Mama, tufundishe." Mama, shoga. Wifi huyu huyu.

Baadaye mmoja akabisha kwangu, nikakimbilia kufungua. Kumbe anataka maji ya kunawa tope la wifi.

Nikammiminia. Akaangaza macho huku na huku, akasema, "Kwako pasafi sana. Kwani wewe hulimi?"