Bibi Harusi Aliyenawisha Wageni

Jumapili, Bwera. Mvua tangu alfajiri, na milima imejifunika ukungu, haionekani hata kidogo. Magoti yananiuma, sauti imekauka. Kanisani leo nimeimba kwa kufungua mdomo tu.

Jana nilikuwa Kasese kwenye usaili wa maigizo. Vyuo kadhaa vilileta walimu wao kwenye ukumbi mmoja pale Nyamwamba, ili sisi wa huku tusilazimike kwenda hadi Kampala. Tangu nimalize kidato cha sita nimekuwa nikiingoja siku hiyo, na wiki zote hizi nimekuwa nikifanya mazoezi ya kipande changu cha dakika moja nyuma ya jiko, kuku wakinitazama.

Kama nawe unafikiria kwenda mwakani, jua kwamba sehemu kubwa ya siku ni kungoja. Unabandikwa namba kifuani na kuambiwa uvue viatu. Namba ni lazima, maana kwetu Wakonzo binti wa kwanza ni Masika, na ukiita Masika katika ukumbi wa Kasese, wasichana kibao wanageuka. Kisha mnatembezwa ukumbini wote kwa pamoja, haraka, polepole, bila kugusana, huku walimu wakiandika. Hujui wanaandika nini. Unajikuta unatabasamu kama mjinga.

Halafu mnagawanywa makundi na kupewa kisa cha kuigiza papo hapo. Kile kipande chako ulichojifunza kinasubiri. Wanakisikiliza kwa wale tu watakaobakizwa baada ya mchezo wa kundi. Hilo sikulijua.

Kundi letu tulipewa posa: wageni wamekuja kumwomba binti. Kijana mmoja wa Hima, Bwambale, mrefu na mwenye sauti ya kuita malori, akajifanya bwana harusi kabla hatujapumua. Akanigeukia.

"Masika, wewe ni bibi harusi. Kaa kule ndani, ungoje tukuite."

Moyo wangu uliruka. Bibi harusi! Kisa chote ni chake. Anafichwa, watu wanabishana kwa ajili yake, mwishowe anatoka na kila jicho linamwangukia. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya nyuma ya kiti, kutoka nikiitwa, na kusema kama namtaka huyu kijana au simtaki. Basi.

Tukaanza. Wageni wakaingia, wakakaa. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka walimu wamwone. Nami nikiwa nyuma ya kiti changu nikaona jambo moja: hakuna aliyewapa wageni maji.

Nilijaribu kuvumilia. Nakuapia nilijaribu.

Lakini wageni wamekaa, chakula kinatajwa, na mikono yao haijanawa! Nikajiona nimeinuka. Nikachukua beseni lisilokuwepo na jagi lisilokuwepo, nikapiga magoti mbele ya mgeni wa kwanza, nikammiminia. Kisha wa pili. Niliwanawisha wote, mpaka bwana harusi mwenyewe. Ukumbi ulicheka, nami nikadhani wanachekea maneno ya Bwambale. Halafu nikasogeza viti, maana mzee wa posa alikuwa amewapa walimu mgongo. Bwambale aliposahau la kusema, nikamnong'oneza.

Mwalimu akapiga makofi. Muda umekwisha.

Hakuna aliyewahi kuniita. Bibi harusi hakusema neno hata moja kwenye posa yake mwenyewe.

Walipotaja namba za kubaki, Bwambale alibaki. Yangu haikutajwa. Alinikimbilia mlangoni akiwa anatoa jasho: "Dada, uliniokoa. Mimi kichwa ilikuwa imetoka kabisa." Nilimpongeza, na niliona wivu. Wivu mkubwa.

Nikiwa navaa viatu, mwalimu mmoja wa kike akaniita pembeni. Alinisemesha Kiingereza cha upole. Akasema waigizaji ni wengi, ila mtu anayeona kila kinachokosekana jukwaani bila kuambiwa ni adimu. Chuo chao kinanipa nafasi, lakini upande wa nyuma ya pazia: kupanga vifaa, kuwaita waigizaji zamu zao zikifika, kuwakumbusha maneno. Nimjibu kabla ya Ijumaa kwisha.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nimetunzwa ufagio.

Mama, anayeuza vitenge sokoni mpakani Mpondwe, alifurahi mpaka akawatangazia majirani zake wa Kongo. Kwake mtoto amepata chuo, imekwisha. Aliponiona machozi akashangaa: "Sasa unalilia nini? Si bamekuchukua? Bale batu beko na macho."

Ndiyo, mama, wana macho. Hilo ndilo linaloniuma. Wameona kilekile ambacho nyumba hii inaona tangu nizaliwe wa kwanza: Masika anayepakua bundu, ugali wetu wa muhogo, na kula mwisho, Masika anayejua sare ya nani imechanika. Nilikwenda Kasese ili kwa mara moja tu nitazamwe bila kumfanyia mtu chochote. Nikapewa nafasi hiyo mkononi, nikaipigia magoti na beseni.

Wala siidharau kazi yenyewe. Najua nitaiweza, labda kuliko wote. Ila nimechoka kuwa mtu anayeiweza.

Kwa hiyo nimeamua. Sitamjibu ndiyo wala hapana. Kesho nitampigia yule mwalimu nimwombe dakika moja tu, anisikilize kile kipande changu, hata kwa simu, hata akiwa anakunywa chai. Kisha ndipo nitamjibu.

Anaweza kukataa, na kukataliwa nimeshakuzoea. Ninachokiogopa ni akikubali. Nikisimama peke yangu, hakuna mgeni, hakuna wa kunong'onezwa, watu wote wananitazama mimi: je, mikono hii nitajua kuiweka wapi?