Tarumbeta ya Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, shemeji na wapwa wangu. Je, mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama anauliza kama lile blanketi lilikufikia. Mimi mwili ni mzima, ila roho imenichafuka, na leo wa kunisikiliza ni wewe.

Bendi yetu imeshiriki mashindano ya gwaride, tukawa wa saba kati ya bendi nane. Hilo ningelimeza. Kinachonikaa kooni ni karatasi za majaji. Jumatatu kiongozi wetu, yule fundi cherehani aliyetushonea sare zote mwenyewe, alitukusanya kwenye karakana yake, tukakaa juu ya majora ya vitambaa, akatusomea. Jaji wa kwanza anasema ngoma zetu zinafunika kila kitu. Wa pili anasema ngoma hazisikiki kabisa. Mpiga ngoma kubwa akauliza sasa apige kwa mkono au kwa kichwa. Jaji huyohuyo wa pili akasifu utamu wa filimbi zetu. Dada, hatuna filimbi hata moja! Miezi mitano tumekanyaga vumbi mpaka visigino vimechubuka, halafu mtu mzima anatusifia filimbi za wenzetu. Wa nne aliandika neno moja tu: soksi. Mpaka leo hatujui soksi zilikosa nini.

Jaji wa tatu ndiye aliyeleta balaa. Aliandika kwamba safu ya mbele, tarumbeta ya kushoto haipulizwi, mwenyewe anajaza mashavu tu. Kushoto husimama Kijiti, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Aliapa kwamba alipuliza mpaka masikio yakaziba. Kiongozi hakutaka kusikia. “Vua sare, weka mezani,” alimwambia. Kijiti akafungua vifungo kimoja kimoja mbele yetu, akaondoka na fulana ya ndani. Njia nzima tuliwatukana majaji, na mimi niliwatukana kuliko wote.

Dada, jaji alikuwa ametukabili. Kushoto kwake ni kulia kwetu, na kulia nasimama mimi.

Tangu nilipoanguka ngazini, jino langu la mbele linacheza. Nilikuandikia kwamba nimekwenda kwa daktari. Nilikudanganya. Niliogopa ataling'oa, nafasi yangu apewe mwingine. Nikibana mdomo kwenye tarumbeta, maumivu yanapanda mpaka jichoni. Basi siku ile nilichezesha vidole na kujaza mashavu. Katika upuuzi wote ule wa majaji, lile moja lilikuwa kweli.

Jana nilimweleza kiongozi. Alishona pindo mpaka mwisho bila kuniangalia, kisha akaniambia nimwachie sare yangu, na ya Kijiti niipeleke mwenyewe. Nilimkuta Kijiti anafua uani. Alifuta mikono, akaipokea, akaniuliza, “Siku tatu nzima ulikuwa unaniangalia tu?” Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Kesho asubuhi naenda kung'oa jino, safari hii kweli. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Wabusu watoto, na shemeji mwambie asibebe vitu vizito.

Ni mimi mdogo wako,
mpiga tarumbeta wa zamani