Nyuzi Alizokaza Baba

Nyasho, Musoma
17 Agosti 1989

Dada yangu Dafroza,

Pokea salamu za mdogo wako. Mguu unaendeleaje? Kwangu tunapumua, na maduka ya Mukendo yamepata tena sukari na betri. Mama nimemwacha Butiama, anakula kidogo. Anakusalimu, na anasema hakuna aliyekulaumu kwa kutofika.

Baba tulimzika Jumamosi. Mzee Mwikwabe alichukua litungu la marehemu, lile zeze lake la nyuzi nane, ili amwimbie majina ya ukoo kabla ya udongo, kama baba alivyokuwaga anawaimbia wengine. Akapiga, akaanza, akanyamaza. Akaanza tena. Sauti yake ikaenda huku, nyuzi kule. Zote nane zilikuwa zimekazwa kufuata do re mi ya kinanda cha kanisani. Mzee akaliweka chini, akasema hawezi kumzika rafiki yake kwa sauti ya ugenini. Basi kwaya ikawasha kinanda chao cha betri, na baba akaenda bila kutajiwa hata babu yake mmoja.

Unanijua. Nilimvaa Enoka, mwalimu wa kwaya, mbele ya waombolezaji. Nikamwambia chuo cha muziki kilimkaririsha nyimbo za Wajerumani waliokufa, wala hakikumfundisha hata wimbo mmoja wa Kizanaki. Kwamba mzungu tulimtoa ofisini, yeye akamficha masikioni mwa watoto. Enoka akaenda kukifunga kinanda.

Jioni mama aliniita jikoni. "Mwache Enoka, mtoto wa watu," akasema. "Nyuzi alizikaza baba yako mwenyewe."

Dada, kaa chini kwanza. Binti yako Justina alipoanza kwaya aliacha kukaa na babu yake. Alimwambia litungu linakosea. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyofundishwa. Baba akaenda kumwomba Enoka ambonyezee kinanda, sauti moja moja, naye akakaza ili mjukuu arudi. Justina akarudi. Ila koo la baba halikuweza kuhamia huko. Tangu siku ile alipiga bila kuimba.

Mwikwabe amejaribu kuzilegeza nyuzi zirudi kama zamani, akashindwa. Anasema baba alizipima kwa koo lake, na koo tumelizika.

Nilitaka kulileta litungu hapa nilitundike ukutani, Justina akaniomba, nikampa. Hajui kwa nini babu yake aliacha kuimba, usimwambie. Asubuhi ninaondoka alipiga wimbo wa kanisa, hakukosea mahali. Nilitoka nje kabla haujaisha.

Mungu auponye mguu wako. Wasalimie wote wa Kabasa.

Mdogo wako,
Wambura Wanzagi