Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Nyamasaria, Kisumu
Juni 1979

Kaka yangu mpendwa Zadock,

Baridi ya Kericho inakutendeaje? Naomba Mungu kile kifua kiwe kimekuacha na kazi ya majani chai iwe inakwenda vizuri. Huku kwangu watoto ni wazima, wanakula na kukua. Mama naye yuko kule nyumbani, ila macho yake yanazidi kufifia.

Kaka, nakuandikia kuhusu ndugu yetu Wabwire na vita vya Uganda. Tuliambiwa ndege za kivita zilivishambulia vifaru vya jeshi la Uganda alilotumikia, na yeye, dereva, akateketea ndani ya kifaru chake. Ndiyo maana hatukungoja maiti. Tulizika mgomba badala ya mwili nyumbani Samia, tukaweka msalaba wenye jina lake.

Mwezi uliopita alifika kwangu askari aliyekuwa ndani ya kifaru hicho. Alikuwa amekonda, ndevu zimemfunika uso, nikampa chumba cha nyuma. Aliniambia ndege zilikuja kweli, zikapita chini hata majani ya migomba yakalala. Lakini kifaru ukikitazama kutoka juu ni kitu kidogo, na rubani anapita mbio huku naye akipigwa risasi. Mabomu yaliangukia matope na shamba la mihogo. Hakuna hata kifaru kimoja kilichoungua. Kilichovunjika ni mioyo ya watu. Ule mlio uliwatia wazimu, wakafungua vifuniko na kuruka nje, na huko nje ndiko risasi za ndege zilikowapata. Kifuniko cha dereva kilikwama. Alikipiga kwa ngumi akilia, akiwaita wenzake. Alipofaulu kutoka, injini ilikuwa bado inanguruma, na wenzake wote wamelala kwenye mihogo.

Kaka, nimekuzungusha vya kutosha. Askari huyo ni Wabwire mwenyewe.

Mwili wake hauna jeraha. Lakini ndege ikishuka hapa Kisumu, yeye huingia chini ya kitanda na kuuma shuka. Nilipomwambia twende nyumbani alikataa. Alisema aliyekwisha kuzikwa harudi kwa miguu yake, na tena atawaambia nini mama za wale vijana?

Jumamosi Mama alikuja kuonwa na daktari wa macho. Wabwire aliniomba nisimtaje. Nilivuta pazia la chumba chake, lakini akakohoa. Mama aliuliza ni nani, nikasema ni mpangaji, hajisikii vizuri. Basi akachukua kikombe cha uji, akapapasa ukuta mpaka kwenye pazia, akakipenyeza. Mkono ulipotokeza kukipokea, aliushika. Alipapasa kidole kimoja kimoja, kisha akauachia.

Alipokuwa anapanda basi alinivuta karibu. “Dorca,” akasema, “mwambie mpangaji wako wazee wetu wanajua namna ya kumpokea mtu kama yeye. Lakini asingoje nife.”

Nilimfikishia. Aligeukia ukutani. Uji ule ndio chakula cha mwisho alichomaliza. Tangu hapo anaonja tu na kurudisha sahani.

Njoo, kaka. Mimi ni mdogo kwake, hanisikii. Ukifika usibishe hodi kwa nguvu.

Msalimie sana wifi Agneta na watoto. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Dorca